Skalpeli ya Nini na Kijembe Kipo?

Neno skalpeli, jina la kisu kidogo cha upasuaji, linazidi kujipenyeza. Liko kwenye maelezo ya vifaa tiba yaliyotafsiriwa, kwenye madokezo ya wanafunzi wa uuguzi, kwenye manukuu ya filamu, na zaidi ya kote kwenye tafsiri za kompyuta, ambazo zikikutana na jina la kifaa zisilolijua hulivisha irabu mwishoni na kuliacha lipite. Kukopa kwenyewe si kosa. Kiswahili kimekopa tangu kiwe Kiswahili, na atakayetaka kukitakasa atabaki bila sahani wala meza. Kinachonikera ni utetezi unaoandamana na neno hilo: eti limekopwa kwa kuwa Kiswahili hakikuwa na jina la kisu kidogo cha kuchania mwili wa mtu, eti sisi tulikuwa na visu vya jikoni na mapanga, na hicho cha daktari kilikuja na daktari. Si kweli. Jina lipo, ni kijembe, na limeundwa kwa njia ile ile ambayo Warumi waliunda la kwao. Anayedhani anachagua kati ya neno la kienyeji na neno la kisayansi amepotea njia mapema. Yote mawili ni ya kienyeji, moja la huku na moja la Rumi ya kale, na lile la Rumi halikuanzia kwa tabibu pia.

Tuanze nalo. Kitenzi cha Kilatini scalpere kilimaanisha kukuna, kukwaruza na kuchonga. Kutokana nacho likapatikana scalprum, chombo cha kukatia na kuchongea, na tabibu hakuwa mwenye nacho peke yake. Fundi viatu alikuwa nacho cha kukatia ngozi, mchonga mawe alikuwa nacho kama patasi, karani alikuwa nacho cha kuchongea kalamu yake ya tete. Tabibu alipotaka cha kwake, chembamba na kidogo zaidi, Kilatini hakikwenda kuazima popote. Kiliongeza kiambishi cha udogo mwishoni mwa neno lililokuwapo, likawa scalpellum, yaani kipatasi. Celsus, aliyeandika juu ya tiba katika karne ya 1, analitumia anapoeleza kukata mshipa ili kutoa damu. Shina hilo hilo ndilo lililozaa neno ambalo lugha nyingi za Ulaya hulitumia kwa uchongaji wa sanamu. Wagiriki nao hawakutofautiana na Warumi sana: smile yao ilikuwa kisu cha mchongaji na cha fundi viatu kabla na baada ya kuwa kisu cha mganga. (Wapo wanaolifunga skalpeli na neno la Kiingereza la ngozi ya kichwa, scalp, kwa sababu herufi zinafanana. Hayana undugu. Lile la kichwa linatoka lugha za kaskazini mwa Ulaya, njia nyingine kabisa.)

Sasa kijembe. Kiswahili kina maneno mawili ambayo watu huyatumia kila siku bila kuyaweka pamoja: jembe na wembe. Moja hufungua ardhi, la pili hunyoa nywele, lakini ukivua viambishi vya mwanzo linabaki umbo moja, -embe. Lugha jirani zinaonyesha jambo hilo hilo. Kwa Kisukuma jembe ni igembe. Kwa Kinyarwanda wembe ni urwembe, wingi wake inzembe. Kilichobadilika ni ngeli. Kifaa kipana kimeingia katika ngeli ya li-ya, kile chembamba kikaingia katika ngeli ya u-zi, pamoja na ufito, uzi na ukucha. Ukitaka kukipunguza zaidi, unaweka ki- ya udogo, na shina likiwa fupi au likianza kwa irabu, ile ji huingia katikati: mto hutoa kijito, mti hutoa kijiti, mwiko hutoa kijiko, wembe hutoa kijembe. Uanzie kwenye jembe au uanzie kwenye wembe, unafika pale pale, kwenye kibapa cha chuma chenye makali. Kazi iliyofanywa na -ellum kwa Kilatini imefanywa na ki- kwa Kiswahili. Hata lanseti, jina la kisu kingine cha matabibu wa Ulaya, ni lance ya Kifaransa, yaani mkuki, iliyopunguzwa ikawa kimkuki. Inaelekea lugha zikihitaji jina la kisu hiki huwa na tabia moja: huchukua chuma kikubwa kinachojulikana na wote, kiwe cha karakana, cha vita au cha shamba, zikakifanya kidogo. Waswahili wakapitia shambani.

Na kijembe hakikukaa bure kikisubiri hospitali. Ukiviangalia vitenzi vinavyokizunguka utaona orodha ya kazi iliyogawanywa kwa uangalifu. Kuchanja ni kukata mistari mifupi isiyo na kina juu ya ngozi. Kutoja ni kuchanja kwa nia ya kuacha alama, chale. Kutumbua ni kufungua kitu kilichojaa, jipu au tumbo la samaki, ili kilichomo kitoke. Kuumika ndiko kulikohitaji ustadi zaidi: muumishi huweka chuku, ambayo ni pembe iliyotobolewa nchani, juu ya ngozi, hufyonza hewa kwa mdomo na kuziba tundu kwa nta, ngozi ikishavimba huiondoa pembe, huchanja pale palipovimba, kisha huirudisha pembe ili ivute damu. Hapo kina cha mkato ndicho kila kitu. Ukigusa juu juu damu haitoki, ukizama unafika kwenye mshipa na damu haikomi. Jamii yenye kazi kama hiyo haiwezi kukosa jina la kifaa chake, na haikukosa.

Kuna ushahidi mwingine ambao mimi nauona una uzito kuliko huo wa umbo la neno. Katika mambo ya tiba Kiswahili kilikopa sana kutoka Kiarabu: tabibu, dawa, jeraha, tohara. Hata mkasi ni wa huko. Tena Kiarabu kilikuwa na majina mazuri ya kisu cha tabibu. Kuna mishrat, kutoka kitenzi cha kuchanja, kile kile kinachotumika kwa mikato ya hijama, yaani kuumika, na kuna mibda, kutoka kitenzi kingine cha kukata. Al-Zahrawi, tabibu wa Andalusia (Hispania ya Waislamu), aliyefariki mwaka 1013, alichora vifaa vya upasuaji vipatavyo 200 katika sehemu ya mwisho ya kazi yake kubwa ya tiba, na visu vya kila umbo vimo. Mwambao ulikuwa na kila nafasi ya kulichukua mojawapo ya majina hayo, lakini Kiswahili cha kawaida kikachukua mkasi, kikaacha mishrat. Neno hukopwa mahali penye pengo, na hapa pengo halikuwapo.

Kama bado kuna anayedhani maneno ya makali ya zamani hayawezi kubeba tiba ya kisasa, amtazame mtoto anayepelekwa kliniki kupata chanjo. Neno hilo ni la kijembe tupu. Kuchanja ni kukata, na kinga ya ndui ilipoanza ilikuwa mkato kweli: Edward Jenner, Mei 14, 1796, alipaka usaha wa ndui ya ng'ombe kwenye mikato aliyoifanya mkononi mwa mtoto wa kiume wa miaka minane. Leo chanjo nyingi hudungwa kwa sindano, nyingine ni matone mdomoni, hakuna kinachochanjwa popote, na hakuna mzazi aliyewahi kuja na mtoto akitarajia wembe. Neno limesafiri kutoka chuma hadi tone bila kumpoteza msemaji hata mmoja. Lugha iliyoweza hilo haiwezi kushindwa kukiita kisu kisu.

Sasa hoja za upande wa pili, maana zipo, na hazilingani uzito. Iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi: kwamba skalpeli ni neno la kimataifa, hivyo daktari anayesema Kiswahili ataelewana na wenzake kokote. Kokote wapi? Mfaransa anapomfungua mgonjwa hutumia bistouri. Scalpel kwake ni kisu cha kupasulia maiti katika chumba cha anatomia, na kulichanganya hili na lile ni kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mwitaliano husema bisturi, Mhispania na Mreno kadhalika. Asili ya neno hilo la Kifaransa ni jina la zamani la jambia; ipo hadithi inayolihusisha na mji wa Pistoia nchini Italia, lakini ni hadithi inayopendeza kuliko inavyothibitika. Mturuki husema neşter, aliloletewa na Kiajemi, na Kihindi kina ndugu yake, nashtar. Mwarabu ana mishrat yake mpaka leo. Kimataifa hicho, ukikichunguza, ni Kiingereza na sehemu tu ya lugha nyingine.

Kwa Kiswahili hasa, hoja hiyo inajigeuka na kumpiga mwenye kuileta. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mamilioni ya wasemaji wa Kiswahili wa mashariki mwa nchi hiyo wana madaktari waliosomea Kifaransa. Kaskazini mwa Msumbiji wanaosema Kiswahili wana madaktari waliosomea Kireno. Tukifuata kanuni ya kuchukua neno la lugha ya shule na kulitia irabu, Mtanzania na Mkenya watasema skalpeli, Mkongo na Mmsumbiji watasema bisturi, na kila upande utadai wake ndio wa kimataifa. Tutakuwa na maneno mawili yasiyoelewana ndani ya lugha moja, ilhali kijembe kinaeleweka bila kupitia darasa la mkoloni yeyote. Anayelilia umoja wa istilahi ndiye angepaswa kuwa wa kwanza kukitetea kijembe.

Hoja ya pili ina mashiko zaidi: usahihi. Kijembe, wanasema, ni jina pana. Linaweza kuwa wembe mdogo, kisu cha mfukoni, chochote chenye makali kifupi. Ni kweli. Lakini chumba cha upasuaji hakitegemei jina la kifaa kwa usahihi wake, kinategemea namba. Hata panaposemwa Kiingereza, daktari hunyoosha mkono na kuomba "kisu", na saa ya kuanza kazi huandikwa kuwa ni saa kisu kilipogusa ngozi. Kinachotofautisha ni namba iliyochapwa kwenye chuma. Mpini namba 3 hupokea nyembe za namba 10 hadi 15. Mpini namba 4, mpana zaidi, hupokea zile kubwa za kuanzia 20 na kuendelea. Namba 10 ina tumbo, makali yake yamebinuka, ni ya mkato mrefu wa ngozi. Namba 11 ni ya pembetatu yenye ncha kali, ni ya kuchoma na kufungua: jipu, au tundu la kuingizia mrija kifuani. Namba 12 imepinda kama ndoano na makali yako upande wa ndani. Namba 15 ni namba 10 iliyofanywa ndogo, kwa uso, vidole na kazi za karibu. Kiite skalpeli au kijembe, muuguzi bado atakuuliza: namba ngapi?

Na kwa habari ya usahihi, jaribu kukieleza kifaa hiki kipande kwa kipande kwa Kiswahili uone kama utakwama. Kina mpini, bapa, makali, mgongo, ncha na tumbo. Kina hata msuka, neno ambalo wengi wamelisahau: ule ulimi wa chuma wa jembe au kisu unaozama ndani ya mpini. Hapa ndipo kuna jambo la kuvutia. Katika jembe na kisu cha jikoni msuka uko kwenye bapa na tundu liko kwenye mpini. Katika kijembe cha kisasa mambo yamegeuzwa: msuka uko kwenye mpini, una mfuo kila upande, na wembe ndio wenye tundu refu katikati ya bapa. Wembe hushikwa kwa koleo la sindano, si kwa vidole, upande wa mgongo, makali yakitazama mbali na mshikaji. Mwelekeo wa kitako chake kilichokatwa mshazari hulinganishwa na mshazari wa mpini, tundu huvikwa kwenye msuka na kusukumwa taratibu hadi lisikike "ta". Usiposikia mlio huo, wembe haujakaa, na utachezacheza au kuchomoka ndani ya kidonda. Kuuvua, kitako huinuliwa kidogo kwa koleo ili kivuke mfuo, kisha wembe husukumwa mbele, ncha ikitazama chini na mbali na watu, moja kwa moja hadi kwenye sefti boksi, kasha la kutupia vyenye makali, ambalo halijazwi kupita robo tatu. Kuvika, kuvua na kupokezana ndizo nyakati za vidole kukatwa. Kwa hiyo kijembe hakipokezwi mkono kwa mkono. Huwekwa kwenye bakuli lenye umbo la figo na mwingine akakichukua mwenyewe. Sikuhitaji neno moja la Kilatini kusema hayo yote.

Historia ya kipande hicho cha chuma nayo inalielekea neno letu. Zamani kisu cha daktari kilikuwa chuma kimoja na mpini wake, kikinolewa kila mara, na kuchemshwa au kutiwa moto ili kisafike kuliyala makali yake. Mwaka 1904 King Camp Gillette alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya wembe wa kunyolea wa kutupa, na haukupita muda kabla ya madaktari kuanza kuzifunga nyembe hizo kwenye vishikio ili wakatie ngozi. Zilikuwa kali, ila zilikuwa nyembamba mno na hazikutulia. Mwaka 1915 Morgan Parker akapata hataza ya muundo tuliouona hapo juu, wembe wenye tundu na mpini wenye msuka, na muundo huo ndio unaotumika mpaka leo. Maana yake ni kwamba kisu cha kisasa cha upasuaji ni mtoto wa wembe kwa nasaba ya kiwandani, kama vile kijembe ni mtoto wa wembe kwa nasaba ya sarufi. Sadfa tu, bila shaka. Lakini ukiweka kando sadfa, bado neno letu linakieleza kifaa cha leo vizuri kuliko neno la Rumi, kwa kuwa hakuna anayekuna wala kuchonga sanamu nacho.

Hoja ya tatu ndiyo ninayoiheshimu. Wahudumu wa afya wametumia miaka mingi wakiwaonya watu dhidi ya kuchangia vyenye makali, kwa sababu wembe mmoja uliochanja watu watatu unaweza kubeba virusi vya ukimwi na vya homa ya ini kutoka kwa wa kwanza hadi kwa wa tatu. Katika mafundisho hayo kijembe kimekaa upande wa hatari, pamoja na chale na ngariba. Kukileta sasa mezani kwa daktari, wanasema, ni kuchanganya kilichotakaswa na kisichotakaswa. Hofu hiyo ina msingi, lakini dawa yake si kubadili jina. Sindano nayo ilikuwa ya kushonea nguo, na imebeba maradhi yale yale ilipochangiwa. Hakuna aliyependekeza tuikopee jina jipya, tuliifundisha jamii kuwa sindano moja ni ya mtu mmoja mara moja. Mganga naye ni wa tunguri na ramli, na bado Tanzania ina Mganga Mkuu wa Serikali, na hakuna anayekwenda ofisini kwake kupigiwa bao. Usafi hautoki kwenye neno. Unatoka kwenye pakiti: wembe wa hospitali huja peke yake ndani ya karatasi ya chuma iliyofungwa, mara nyingi ukiwa umeuliwa vijidudu kwa mionzi ya gama, na pakiti iliyotoboka au iliyopitwa na tarehe hutupwa hata kama chuma kinang'aa. Muhudumu anayesema "hiki ni kijembe kipya, natoa mbele yako" amefundisha zaidi ya yule anayesema skalpeli na mgonjwa asijue kimetoka wapi.

Imebaki ile ya mzaha. Leo ukisema vijembe, msikilizaji anafikiri taarabu, anafikiri wanasiasa wakirushiana maneno, anafikiri mashabiki wa timu mbili asubuhi baada ya mechi. Ni kweli kwamba maana hiyo imeimeza ile ya kwanza. Ila jiulize kwa nini maneno ya kumchoma mtu kwa fumbo yaliitwa vijembe, yasiitwe mapanga wala mashoka. Anayepigwa panga anajua hapo hapo. Makali membamba hupita kabla ngozi haijapata habari. Mtu anaona damu kwanza, uchungu unafuata. Ndivyo kijembe cha maneno kinavyofanya kazi: mlengwa anacheka na wengine, anafika nyumbani ndipo anaelewa kwamba alikuwa anasemwa yeye. Sitiari hiyo isingewezekana kama wasemaji hawakukijua kisu chenyewe kwa karibu, tena kikiwa kikali sawasawa. Na sifa hiyo ndiyo daktari anayoitaka. Wembe uliofifia humlazimu akandamize, na anayekandamiza huteleza. Wembe mkali hupita mara moja, wima kwa ngozi iliyovutwa ikakaza, na kingo za kidonda hukutana vizuri wakati wa kushona. Kisu kikiinamishwa upande, ukingo mmoja hubaki mwembamba kama ganda na kovu huwa baya.

Kuna mahali ambapo mimi mwenyewe singetumia kijembe. Kifaa cha kujitobolea kidole ili kupima sukari, ambacho Kiingereza hukiita kwa jina lile lile la lanseti, hakikati. Kinachoma, na kisindano kinakitosha. Kifaa cha kukatia kwa umeme, ambacho mvumbuzi wake William Bovie na daktari wa upasuaji Harvey Cushing walikitumia Boston mwaka 1926, kinakata na kuchoma mishipa kwa joto la mkondo. Kisu cha umeme ni jina lisilo na ubaya. Na ile mashine ya daktari wa upasuaji wa ubongo Lars Leksell wa Stockholm, inayoitwa kisu cha gama, haina makali kabisa: ni miali mingi ya mionzi inayokutana ndani ya kichwa kisichofunguliwa. Hapo neno kisu limeachana na chuma, kama chanjo ilivyoachana na kukata, nalo halina haja ya kupunguzwa kuwa kijembe. Kinyume chake ni matangazo ya "upasuaji bila kisu" yanayozungumzia upasuaji wa matundu kwa kamera. Kisu kipo. Tundu la kwanza karibu na kitovu huanzwa na kijembe, mara nyingi namba 11, na mgonjwa aliyeambiwa hakuna kisu ana haki ya kuuliza nyuzi zile zinashona nini.

Hilo la mgonjwa ndilo linalonifanya nione suala hili si la watunga kamusi peke yao. Fomu za ridhaa zinatafsiriwa, na mtafsiri akishaamini kwamba Kiswahili hakina maneno ya kazi hii, haishii kwenye skalpeli. Kila mkato unakuwa "upasuaji", na kupasua, kwa masikio ya msemaji, ni kile kinachofanyiwa mbao. Mwenye jipu akiambiwa atapasuliwa hutetemeka. Akiambiwa jipu litatumbuliwa hujua ni kazi ya dakika chache. Mwenye kinundu kidogo cha kuondolewa chini ya ganzi anaweza kuambiwa kwamba ngozi itachanjwa sentimita mbili na kushonwa, na akaiona picha yote. Waandishi wa michezo nao wametuletea mchezaji "aliyekwenda chini ya kisu", Kiingereza kilichovishwa kanzu, wakati Kiswahili kina kupigwa kisu na kufanyiwa operesheni.

Skalpeli haina haja ya kufukuzwa. Ibaki kwenye kamusi, ibaki kwa mwanafunzi anayesoma vitabu vya Kiingereza, kama bisturi inavyobaki kwa anayesoma vya Kifaransa. Lakini kwenye maandishi ya Kiswahili yanayokusudiwa kusomwa na Waswahili wa pande zote, kifaa kizima kiitwe kijembe, kipande cha kutupa kiitwe wembe wa kijembe, na kishikio kiitwe mpini. Orodha ya sinia la kazi ndogo inaandikika hivi, na muuguzi wa Kigoma na wa Bukavu wataipanga bila kuulizana: mpini wa kijembe namba 3, mmoja, wembe namba 15, mmoja, wembe namba 11, mmoja, koleo la sindano, moja, mkasi, mmoja, bakuli la figo, moja. Mwisho wa kazi nyembe zihesabiwe, ziwe mbili.